Nimetoka semina, leba imebaki vilevile. Nifanyeje?

"Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka minne kazini, katika kituo cha afya kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma. Kwa mwezi tunazalisha kina mama kama hamsini. Mwaka huu nilipelekwa semina ya siku tatu kuhusu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Tulifundishwa kupima damu kwa mfuko wa plastiki wenye mistari, na kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja moja. Nilirudi na mifuko ishirini na bango. Wiki mbili za kwanza wenzangu walinipa ushirikiano. Sasa mifuko imekwisha, bango liko ukutani, na kila mtu amerudi kukisia damu kwa macho. Mkunga wetu mkubwa, mwenye miaka ishirini na minane kazini na ndiye aliyenifundisha mengi, anasema hizo ni tafiti za kwao huko, hapa hali ni nyingine, na macho yake hayajawahi kumdanganya. Sitaki kumvunjia heshima. Je, ni kweli tafiti hizi hazitufai? Na kama zinatufaa, nifanyeje zitumike bila kuonekana mjuaji?"

Mwakeye, dada mkunga. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sentensi iliyonishika ni ile ya "sitaki kumvunjia heshima". Umeuliza kama tafiti zinawahusu ninyi wa kando ya ziwa, na namna ya kuzifanyia kazi. Lakini naona hofu yako kubwa ni kwamba kufuata ushahidi kutakulazimu usimame kinyume na mtu aliyekushika mkono ulipoanza kazi. Hakutakulazimu. Ila ili nikuonyeshe kwa nini, itabidi tuanze na damu yenyewe.

Mimba inapotimia, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia nusu lita na zaidi kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe inapojikaza na kuibana. Mfuko ukilegea, hakuna cha kuibana. Wengi wanadhani damu ya hatari ni ile inayoruka kama bomba lililopasuka. Ipo hiyo, na hiyo haimpiti mtu. Inayotupita ni ile inayotiririka taratibu: inanywewa na kanga, inapita chini ya makalio, inachanganyika na maji ya uzazi na mkojo, nyingine inabaki ndani kama mabonge. Wakati huo wewe una mtoto wa kumfuta na kumlaza kifuani kwa mama yake, una kondo la kukagua, na kitanda cha pili kuna mtu anaita. Unaitazama damu kwa vipande, dakika hii kidogo, dakika ile kidogo, na hakuna kipande hata kimoja kinachotisha.

Macho nayo yana tabia inayojulikana kwa kila aliyewahi kulinganisha makisio na mizani: damu kidogo huonekana nyingi, na damu nyingi huonekana kidogo. Yaani yanakosea zaidi pale ambapo kukosea ni hatari zaidi.

Sasa utafiti mliofundishwa. Unaitwa E-MOTIVE, ulichapishwa mwaka 2023, na ulihusisha kina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali 80. Hospitali hizo zilikuwa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Hilo mwambie mkunga wako mapema, kwa upole: "kwao huko" ni sisi. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, wakunga walikadiria kwa macho kama tunavyofanya sote, na damu hiyo hiyo ikapimwa pembeni kwa mizani. Kati ya kila wanawake 100 waliovuja kupita kiwango, wakunga waliwatambua 51. Waliotumia mfuko wenye mistari waliwatambua 93. Wale 49 ambao hawakutambuliwa hawakuwa mikononi mwa watu wavivu wala wajinga. Walikuwa mikononi mwa wakunga kama wewe na yeye, waliokuwa wakitumia chombo kisichofaa kwa kazi ile, yaani jicho.

Matokeo yake? Waliopoteza lita nzima ya damu au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki kwa damu, walikuwa 4.3 kwa kila 100 kwenye utaratibu wa kawaida, na 1.6 kwa kila 100 kwenye utaratibu mpya. Nikuambie ukweli wote, maana utaulizwa: sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kupungua kwa uvujaji wa lita moja na zaidi. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuweza kuthibitisha tofauti peke yake. Kwangu mimi hilo halipunguzi uzito wa jambo, kwa sababu mama aliyepoteza lita moja ndiye anayekuja kufa njiani kwenda hospitali, lakini usije ukasema utafiti umethibitisha kitu ambacho haukuthibitisha. Ukitia chumvi mara moja, watakukumbuka kwa chumvi hiyo.

Hapo ndipo tunapokutana na miaka ishirini na minane ya mkunga wako. Uzoefu wake ni mali. Mikono yake inajua mfuko uliolegea kabla yako na kabla yangu, na ungekuwa unajifungua wewe ungetaka awepo. Lakini kuna swali moja ambalo uzoefu wa mtu mmoja hauwezi kulijibu, hata awe na kipaji cha namna gani. Chukua kituo chenu, vizazi hamsini kwa mwezi. Tuseme kwa utaratibu wa kawaida mama wawili kwa mwezi wanavuja vibaya, na kwa utaratibu mpya anavuja mmoja au asiwepo kabisa. Mwezi huu wakatokea wanne, mwezi ujao hakuna, mwezi unaofuata mmoja, kwa bahati tu, bila mtu kubadilisha chochote. Ni nani anayeweza kusimama mlangoni mwa leba na kuiona tofauti hiyo? Hakuna. Hata mimi siwezi, hata profesa hawezi. Ndiyo maana ilibidi wahesabiwe kina mama zaidi ya laki mbili. Utafiti haukuja kumwambia mkunga kwamba haoni. Umekuja kuhesabu kitu ambacho kutoka kitanda kimoja hakionekani.

Na yupo mama ambaye macho ya leba hayamwoni kabisa: aliyeruhusiwa kesho yake asubuhi, akapanda boti, akafika kijijini amepauka, akaanguka akiteka maji. Kwenye kumbukumbu zenu huyo alijifungua salama.

Nataka nikae kidogo kwenye neno "hapa Kigoma", kwa sababu nadhani wewe na mwenzako hamjasimuliwa mnachokimiliki. Miaka ya themanini, katika hospitali ya mkoa pale Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walianza kwa kupekua majalada ya miaka ya 1984 hadi 1986. Waligundua kwanza kwamba vifo vingi vya uzazi havikuwa vimeandikwa. Halafu wakaziorodhesha sababu walizoziona kwenye majalada hayo na kupanga hatua 22 za kuzishughulikia, nyingi zikitumia vitu na watu waliokuwepo tayari: vikao vya mara kwa mara vya kupitia kila kifo, kutunza vifaa vilivyopo, kuwafundisha watumishi papo hapo kazini, watu wa kujitolea damu. Kufikia mwaka 1991 vifo vya uzazi vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 na yamesomwa dunia nzima. Mtu wa Ulaya anayesomea uzazi salama huenda akawa anaijua Kigoma kwa sababu hiyo, na mkunga wa Kigoma asiijue.

Cha pili kitakufurahisha zaidi. Mwaka 2005 Mbaruku huyo huyo na watafiti wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Kigoma na wakunga wa jadi. Walihitaji njia ya kumwezesha mtu asiye na kifaa chochote kujua kwamba damu imefika nusu lita. Wakachukua kanga, ile ile inayotandikwa chini ya mama, wakapima inanywa kiasi gani. Kanga mbili zikilowa damu, umevuka mililita 500, usisubiri tena. Wakunga wa jadi wakafundishwa hivyo, wakapewa misoprostoli, vidonge vya kukaza mfuko wa uzazi, vya kumpa mama hapo hapo, na waliohitaji kupelekwa hospitali kwa kuvuja damu wakawa wachache sana kuliko kwenye eneo ambalo mpango huo haukuwepo. Kwa hiyo wazo la kupima damu badala ya kuikisia halikuletwa kwenu na semina. Limekaa Kigoma miaka ishirini, na lilianza na kanga.

Baada ya kusema hayo yote, sasa nimtetee mkunga wako. Kuuliza "je, kwetu itafaa?" ni swali la kitaalamu, na kuna mahali limeokoa watoto. Sindano ya steroidi, ya kukomaza mapafu ya mtoto, kwa mama anayetaka kujifungua njiti ilionekana kufaa tangu mwaka 1972 huko New Zealand, na hata nchi tajiri zilichukua zaidi ya miaka ishirini kuifanya iwe kawaida. Ikadhaniwa basi ipelekwe kila mahali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, ukaipeleka hadi vituo vidogo na vijijini. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla vikapanda badala ya kushuka, na dalili za maambukizi kwa kina mama zikaongezeka. Mwaka 2020 utafiti mwingine, safari hii kwenye hospitali zenye kipimo cha uhakika cha umri wa mimba na huduma nzuri ya watoto wachanga, Kenya na Nigeria zikiwemo, ukaonyesha kwamba dawa hiyo inaokoa. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anapewa, na mtoto akizaliwa anapokelewa na nini.

Kwa hiyo tulipime swali lake kwa haki. Je, kuna kitu kwenye kituo chenu kinachoweza kuugeuza ushahidi huu? Mfuko wa uzazi wa mama wa Kigoma unalegea kwa namna ile ile kama wa mama wa Nairobi. Hali yetu ni nyingine, ndiyo, lakini inatusukuma kuwahi zaidi. Mkoa wenu umesumbuliwa na malaria kwa muda mrefu. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takriban watoto 24 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Palipo na malaria hivyo pana upungufu wa damu, na mama aliyeingia leba na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Mililita 500 ambazo mwingine angezivumilia, yeye zinamwangusha. Ongeza umbali wa hospitali na ziwa lililochafuka, utaona kwamba dakika kumi mnazoziokoa ninyi zina thamani kuliko dakika kumi za mjini.

Ila kuna tofauti moja ya kweli. Hospitali za E-MOTIVE zilikuwa za wastani, za vizazi kati ya 1,000 na 5,000 kwa mwaka. Ninyi mna kama 600, na usiku najua mnaweza kuwa wawili, au mmoja na mhudumu. Kufanya vyote kwa pamoja kunataka mikono. Kwa hiyo msichukue bango kama lilivyo. Kaeni mkubaliane nani anafanya nini mkiwa wawili, na nani anaitwa ukiwa peke yako. Mhudumu hatoi dawa, lakini anaweza kuleta sanduku, kupiga simu na kusoma saa kwa sauti. Mlinzi anaweza kumwamsha mwenzako nyumba za watumishi. Hayo hayamo kwenye utafiti wowote, na bila hayo utafiti hautaingia leba kwenu.

Labda nieleze kwa nini "kwa pamoja", maana hili nalo linapotoshwa. Tulizoea kupanda ngazi: oksitosini, sindano ya kukaza mfuko, kwanza, ngoja; haijakaza, ongeza dripu, ngoja; halafu ndiyo tufikirie kingine. Kila "ngoja" ina damu yake. Utaratibu mpya unasema, damu ikifika mililita 300 na mama ana dalili isiyo ya kawaida, mapigo yanakwenda mbio au presha inashuka, au ikifika 500 hata kama anaonekana mzima, anza vyote: kukanda mfuko, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, na kukagua chanzo, kama ni mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Robo saa ya kwanza. Traneksamiki haikazi mfuko. Inazuia mwili usiyeyushe bonge lililokwisha kuziba. Utafiti wa mwaka 2017 wa wanawake 20,060 katika nchi 21 ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu ikitolewa ndani ya saa tatu, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida kwa karibu asilimia kumi. Gramu moja, polepole kwenye mshipa, kwa dakika kumi. Kama wenzako wanaiita dawa ya mwisho, hilo ndilo kosa la kwanza la kurekebisha.

Sasa kwa nini bango lilikufa baada ya wiki mbili? Nikusimulie la kwangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa daktari kwenye hospitali moja mkoani Tabora. Tulikuwa tumefundishwa wote, bango letu lilikuwa la rangi, na mtihani wa mwisho wa semina karibu kila mtu alifaulu. Usiku mmoja mama wa mtoto wa tano akaanza kuvuja. Mkunga wa zamu alijua la kufanya, alilitaja kwa mpangilio bila kukosea. Traneksamiki ilikuwepo, chupa sita, kwenye kabati la chuma hatua nne kutoka kitandani. Kabati limefungwa. Ufunguo uko kwenye mkoba wa msimamizi wa wodi, na msimamizi yuko nyumbani, ng'ambo ya pili ya mji, simu haipatikani. Nakumbuka mhudumu akitikisa kitasa kile, na mimi nikikanda mfuko kwa ngumi huku nikitazama chupa kupitia kioo. Tulikaa dakika arobaini. Mama alipona, lakini baada ya kutolewa kizazi, na alikuwa na miaka ishirini na saba. Kikao cha kesho yake kilimuuliza mkunga kwa nini hakufuata mwongozo. Hakuna aliyeuliza habari ya ufunguo, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikanyamaza. Sijajisamehe kwa kimya kile.

Tangu siku hiyo nikisikia "watumishi hawafuati miongozo", naomba kwanza nionyeshwe kabati. Wenzako hawajakataa elimu. Mifuko iliisha, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuagiza mingine. Kukisia kunachukua sekunde, kupima kunachukua hatua kadhaa, na usiku mtu aliyechoka hufuata njia iliyo karibu na mkono wake. Walioendesha E-MOTIVE walilijua hilo. Ndiyo maana hawakutegemea mafunzo peke yake. Waliweka toroli au sanduku la dharura, wakachagua watu wa kulibeba jambo kwenye kila hospitali, na wakawarudishia watumishi takwimu zao wenyewe kila mara.

Kwa hiyo anza na sanduku. Boksi la plastiki lenye mfuniko, lisilo na kufuli, likae leba mahali panapofikiwa gizani: kanyula mbili kubwa za kuingizia dripu mshipani, seti ya dripu na chupa za maji, traneksamiki, misoprostoli, mabomba ya sindano, katheta ya mkojo, glovu ndefu, plasta. Oksitosini isikae humo, inaharibika kwa joto. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Kama friji yenu ya uhakika ni ile ya chanjo, zungumza na mhusika wa chanjo mtenge sehemu; Shirika la Afya Duniani linakubali zikae pamoja. Juu ya mfuniko andika kwa kalamu nzito oksitosini iko wapi. Kila anayeingia zamu ahesabu vilivyomo na kusaini. Hilo tu, likifanyika mwezi mzima, litakuwa limefanya kazi kuliko bango langu la rangi.

Kupima. Mifuko yenye mistari ndiyo bora, kwa sababu unaona damu ikipanda huku mama yuko mbele yako. Ni ya kutumia mara moja, tafadhali msiifue. Mkae na mganga mfawidhi na kamati ya kituo muiweke kwenye mpango wa manunuzi, na mwombe mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri aifuatilie. Haitafika wiki ijayo. Mpaka ifike, mna njia mbili zenye kasoro, na zote mbili ni nafuu kuliko macho. Ya kwanza ni mizani: pima kanga kavu, pima iliyolowa ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, toa tofauti, gramu moja ni karibu sawa na mililita moja. Kasoro yake ni kwamba jibu linakuja baadaye kidogo, kwa hiyo pima kila kanga inapotoka, usingoje mwisho. Ya pili ni kanga mbili za Kigoma. Kasoro yake ni kwamba kanga hazifanani, nzito na nyepesi hazinywi sawa, kwa hiyo ichukue kama kengele ya hatari, si kipimo. Kwa zote mbili kuna jambo dogo linaloamua kila kitu: mtoto akishatoka na maji ya uzazi yakaisha, ondoa kitambaa cha zamani na tandika kingine kikavu. Usipofanya hivyo utakuwa unapima maji. Ninajua kuna mama anakuja na kanga mbili tu duniani. Kwa huyo kituo kiwe na vitambaa vyake safi.

Usianze na kituo kizima. Anza na zamu yako, kina mama watano. Kwenye daftari la kawaida, kando ya Kitabu namba 12 cha MTUHA, yaani rejesta ya vizazi, andika kiasi cha damu, saa iliyoonekana imezidi, na saa dawa ya kwanza ilipoingia. Mambo matatu, basi. Ukiongeza la nne watu wataacha kujaza.

Na mkunga wako mkubwa, usimfundishe. Mwombe. Shikamoo ya asubuhi, halafu: "Mama, naomba tujaribu kitu. Wewe kadiria kwanza, mimi nipime, tuandike zote mbili." Mfanye hivyo mkiwa wawili peke yenu, si mbele ya wanafunzi wala ndugu wa mgonjwa. Kwa damu ya kawaida atakuwa karibu sana na mizani, na umwambie hivyo kwa moyo mmoja, maana ni kweli. Siku atakapokuja yule aliyevuja hasa, mizani itasema yenyewe, wala huhitaji kuongeza neno. Kisha mkabidhi yeye mizani na sanduku viwe chini yake. Wakunga wa umri wake nimewaona wakibadilika namna hiyo kwenye vituo vitatu nilivyofanya nao kazi, na wakishabadilika hakuna kijana anayethubutu kuruka hatua.

Yapo ambayo barua yangu haitayatosha. Kama traneksamiki au oksitosini hazipo kabisa, hilo ni la mganga mfawidhi na mganga mkuu wa halmashauri, na liende kwa maandishi. Dozi zozote zifuate mwongozo wa Wizara ulio kituoni, si kumbukumbu ya semina wala maneno yangu. Mwombe mratibu aje, au alete mkunga mzoefu kutoka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, akae nanyi zamu moja au mbili mfanye zoezi la dharura kwa sanduku lenu, kwenye chumba chenu, mkiwa na idadi yenu ile ile ya usiku. Kukosea kwenye zoezi kunaonekana kwa aliyesimama hapo tu. Mama akishaanza kuvuja na mfuko haukazi, usingoje kuona: piga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura wa kina mama, huku matibabu yakiendelea, kwa sababu gari au boti linachukua muda wake bila kujali wewe una hakika kiasi gani. Na kikitokea kifo, omba kikao cha mapitio kifanyike mapema, na uwe mtu wa kuuliza kabati lilikuwa wapi na ufunguo kwa nani. Kama wewe au yeye mtakuwa mnashindwa kulala baada ya usiku kama huo, tafuteni mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, mganga au mshauri nasaha wa hospitali. Nilichelewa kufanya hivyo, na nilirudi zamu nikiwa sina msaada kwa mtu.

Jambo moja la mwisho, kwa udadisi wangu. Mkunga wako ana miaka ishirini na minane kazini, kwa hiyo wakati ule wa utafiti wa kanga alikuwa kijana kama wewe sasa. Mkipata nafasi ya chai, muulize kama anaukumbuka, na kama wakunga wa jadi wa kijijini kwao walikuwa wakizihesabu kanga. Akikusimulia chochote, niandikie.